Santuri za Jazi Huria Mombasa: Kuzitafuta, Kuzitunza na Kuzibishania

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko Mombasa ambaye keshawasikia wapiga saksafoni Ornette Coleman au Albert Ayler kwenye simu, akashtuka, akarudia, na sasa anataka santuri zake mwenyewe na watu wa kubishana nao. Jazi ya avangadi, ambayo wengi huiita jazi huria, ilianza kuvunja mpangilio wa sauti na mdundo wa kuhesabika mwishoni mwa miaka ya 1950. Rekodi zake zina mambo mawili yanayomsumbua mkusanyaji. Nyingi zilitolewa na kampuni ndogo, kisha zikachapwa upya mara kadhaa kwa ubora unaotofautiana mno. Tena, kelele ya sindano mbovu na kelele aliyoikusudia mpiga saksafoni zaweza kufanana kwa sikio lisilozoea. Ukibishana juu ya santuri iliyokwaruzika, kwenye mashine inayozunguka polepole, unabishana juu ya kitu ambacho wanamuziki hawakukipiga. Ndiyo maana hapa mashine, usafi na hifadhi vimepewa nafasi kubwa kuliko orodha ya majina.

Sikiliza kwanza

Usinunue santuri ya aina hii kwa sifa. Sikiliza kazi nzima kwenye simu au kompyuta mara tatu, siku tatu mbalimbali, kwa vipokea sauti vya masikioni. Mara ya kwanza sikiliza tu. Mara ya pili fuata chombo kimoja, na bora kiwe besi, maana besi ndiyo inayokuonyesha kama kikundi kimeshikana au kila mtu yuko kivyake. Mara ya tatu shika saa na daftari, uandike dakika ambapo jambo linabadilika: nani ameingia, nani amenyamaza, kasi imepanda wapi. Kama huna hata mistari mitano ya kuandika, iache rekodi hiyo kwa miezi michache. Huenda ni nzuri, lakini bado si yako.

Mlango wa kuingilia ni The Shape of Jazz to Come ya Coleman, iliyorekodiwa Mei 1959 kwa kampuni ya Atlantic. Katika Lonely Woman, Billy Higgins anapiga dramu mbio, huku saksafoni ya Coleman na koneti ya Don Cherry zikivuta wimbo polepole kama maombolezo, na besi ya Charlie Haden ikikaa katikati yao. Piano haimo. Sikio lililolelewa na taarab halipotei hapa, kwa sababu wimbo upo na mtu anaweza kuuimba akiwa njiani kurudi nyumbani.

Baada ya hapo nenda kwenye Out to Lunch! ya Eric Dolphy, iliyorekodiwa Februari 25, 1964 kwa kampuni ya Blue Note. Humo vibrafoni ya Bobby Hutcherson imechukua mahali pa piano, na nafasi kati ya vyombo zinasikika wazi. Kisha Spiritual Unity ya Ayler, Julai 10, 1964, watu watatu tu, kama nusu saa nzima. Unit Structures ya Cecil Taylor (1966) iache mpaka umeweza kuisikiliza Out to Lunch! bila kutazama saa. Taylor anapiga piano kama mpiga ngoma, na anayeingia kwake mapema mno hutoka akidhani jazi huria yote ndivyo ilivyo.

Kwa mtu wa pwani ipo njia nyingine, na tunaipendekeza kwa moyo wote. Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi na udi wa New York, alirekodi Jazz Sahara mwaka 1958 pamoja na wapigaji wa kanuni na fidla na saksafoni ya Johnny Griffin. Si jazi huria kamili, lakini aliyezoea kusikia udi ukitangulia peke yake kabla ya wimbo ataelewa mara moja jinsi mtu anavyoweza kupiga bila mdundo wa kuhesabika na bado akajua aendako.

Njia ya tatu ni Mwandishi ya mpiga piano Herbie Hancock, iliyorekodiwa Desemba 31, 1970. Kila mmoja katika kikundi kile alichukua jina la Kiswahili: Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Julian Priester Pepo Mtoto, Bennie Maupin Mwile, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye kweli alisomea udaktari, akawa Mganga. Kipande cha kwanza kimejengwa juu ya mzunguko wa mapigo 15. Jaribu kuhesabu kwa vidole kabla hujaanza kutoa maoni.

Kuisoma santuri kabla ya kulipa

Ishike kwa ukingo na kwa karatasi ya katikati, usiguse mifereji. Iinamishe chini ya balbu moja yenye mwanga mkali. Mwanga wa dirishani huficha mikwaruzo midogo. Pitisha ukucha taratibu juu ya mkwaruzo unaouona: ukikwama, sindano nayo itakwama au itagonga. Tazama pia karatasi ya katikati kuzunguka tundu. Mistari ya kijivu pale ni alama za mtu aliyekuwa akitafuta tundu kwa kupapasa, na mtu wa namna hiyo kwa kawaida hakubadilisha sindano kwa wakati.

Halafu soma ukanda mtupu ulio kati ya mfereji wa mwisho na karatasi. Pale pana herufi na namba zilizochorwa au kugongwa, nazo ni ngumu kudanganya kuliko jalada. Kwa Blue Note za wakati ule tafuta neno VAN GELDER au herufi RVG, yaani mhandisi Rudy Van Gelder ndiye aliyekata sauti ile, na alama ndogo iliyopinda kama sikio, ambayo ni P ya kiwanda cha Plastylite. Alama hiyo ilikoma baada ya Blue Note kuuzwa kwa kampuni ya Liberty katikati ya miaka ya 1960. Kwa hiyo Out to Lunch! isiyo na sikio si chapa ya kwanza, hata muuzaji akiapa. Kwa santuri za kampuni ya Impulse! rangi ndiyo inayosema: karatasi ya machungwa na nyeusi ni ya miaka ya 1960, nyeusi yenye duara jekundu ilifuata, na ya kijani ni ya miaka ya 1970.

Hakuna santuri inayohitaji kusomwa kwa makini kama Ascension ya mpiga saksafoni John Coltrane. Juni 28, 1965 watu 11 walipiga kazi hiyo mara mbili studioni. Santuri ya mwanzo ilitoka na upigaji mmoja, kisha ikabadilishwa ikawa na upigaji wa pili, jalada likiwa lilelile. Chapa zilizobadilishwa zina maneno EDITION II kwenye ukanda mtupu. Kama maneno yamefutika au picha ya muuzaji haisomeki, sikiliza: toleo la kwanza lina Elvin Jones akipiga dramu peke yake kuelekea mwisho, na la pili halina. Pia katika la kwanza Marion Brown anatangulia kabla ya Archie Shepp; katika la pili Shepp ndiye anayetangulia. Nakala nyingi za sidii zina matoleo yote mawili, na kwa mjadala sidii hiyo ina faida kuliko santuri ya bei kubwa.

Free Jazz ya Coleman, iliyorekodiwa Desemba 21, 1960, ina mtego wake. Ni vikundi viwili vya watu wanne, kimoja spika ya kushoto na kingine ya kulia. Ukinunua chapa ya mono, yaani yenye sauti ileile spika zote mbili, kwa sababu mtu amekwambia mono ni bora kwa santuri za zamani, vikundi vyote viwili vinaangukia mahali pamoja na kazi nzima inakuwa fujo. Hii lazima iwe sterio.

Wauzaji hupima hali kwa herufi: NM ni karibu mpya, VG+ ina alama ndogo zisizosikika sana, VG inasikika ikikwaruza, G imechoka. Usizitumie herufi hizo sawasawa kwa kila rekodi. Machine Gun ya Peter Brötzmann (1968) ni mlipuko mwanzo mpaka mwisho, na VG ya bei nafuu itakutosha. People in Sorrow ya Art Ensemble of Chicago (1969) inaanza kwa sauti ndogo sana za vyombo vidogovidogo, na ukimya ndio muziki wenyewe. Hapo VG ni hasara, nunua NM au chapa mpya. Vivyo hivyo For Alto ya Anthony Braxton, santuri mbili za saksafoni peke yake, ambayo kila punje ya vumbi inasikika.

Wapi zinapatikana

Tuseme kweli: jazi huria haiokotwi Mombasa kila siku. Kwenye minada ya vyombo vya nyumbani, kwa wauza vitu vya kale wa Mji wa Kale, na katika nyumba za mabaharia wastaafu utakuta taarab, rumba, nyimbo za Kihindi, soul na Jim Reeves. Lakini pitia, kwa sababu Coltrane na Pharoah Sanders hujificha katikati ya soul. Aliyepanga hakujua awaweke wapi. Ukiingia nyumba ya watu, piga hodi, kaa, salimia wakubwa, kunywa kahawa uliyokaribishwa, ndipo uombe kuona. Usitaje bei kwanza. Na usichague moja ukaacha rundo limetawanyika sakafuni. Rudisha kila kitu wima kama ulivyokikuta. Bi mkubwa anayekuona ukishika vitu vya marehemu mumewe kwa heshima atakuita tena atakapofungua sanduku jingine.

Nairobi kuna kibanda kinachojulikana cha santuri kwenye soko la Kenyatta, na ndiko wengi wanakoanzia. Zilizobaki huagizwa kutoka nje. Mwombe muuzaji picha nne: karatasi za pande zote mbili, ukanda mtupu, santuri ikiwa chini ya taa, na mishono ya jalada. Mwambie atoe santuri nje ya jalada na kuifunga nyuma yake, katikati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu. Ikisafiri ndani ya jalada hulipasua kwa uzito wake. Agizeni watu watatu au wanne pamoja, kwa sababu posta ya santuri tano haizidi sana ya moja. Katika hesabu yako weka ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, ambayo hukokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri na ushuru wenyewe, si juu ya bei peke yake. Wengi hushtukia hapo, mzigo ukiwa umeshafika. Chapa za Japani za miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi ni kimya na zimetunzwa vizuri, na kwa kawaida ni chaguo zuri kuliko chapa ya kwanza ya Marekani iliyochoka.

Unapoisafirisha kutoka Nairobi, iwe kwa treni au basi, santuri ikae nawe wima, si kwenye buti. Na kamwe usiiache ndani ya gari lililofungwa kwenye foleni ya feri Likoni mchana. Plastiki yake huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60, na gari lililo juani hufika huko upesi.

Mashine: umeme ndio unaoharibu hukumu

Kosa la kawaida kuliko yote ni gramafoni iliyotoka Marekani. Umeme wetu ni volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni volti 120 na mizunguko 60. Mtu hununua transfoma, volti zinashuka, taa inawaka, naye anadhani amemaliza. Transfoma haibadilishi mizunguko. Mota ya aina inayofuata mizunguko ya umeme itazunguka kwa 50 badala ya 60, na santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika itakwenda kama 27.8. Sauti hushuka kwa zaidi kidogo ya nusu-toni tatu, na saksafoni ya alto huanza kufanana na saksafoni ya tena, iliyo nzito zaidi. Watu wamebishana usiku kucha juu ya "uzito" wa sauti ya Dolphy ambao ulikuwa ni wa umeme tu.

Pima hivi. Bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye ukingo wa sahani ya mashine, weka saa ya simu dakika 3, uhesabu. Kasi sahihi ni mizunguko 100 kamili. Ukipata 83, mota ni ya mizunguko 60, na dawa yake ni kubadilisha puli ya mota kwa ya 50 ikiwa inapatikana. Ukipata kati ya 95 na 98, mkanda unaozungusha sahani umelegea. Joto na chumvi ya hapa huulainisha mpaka ukanata, kwa hiyo weka mmoja wa akiba ndani ya poda ya mtoto. Mashine zenye mota ya kielektroniki inayozungusha sahani moja kwa moja hazina tatizo la mizunguko. Hizo zinahitaji volti sahihi tu.

Halafu fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Weka mashine juu ya meza nzito na uipime kwa pima maji pande zote mbili. Sakafu za nyumba za ghorofa za Mji wa Kale hutikisika. Rafu iliyofungwa ukutani ni bora.
2. Sawazisha mkono unaobeba sindano uelee, kisha weka uzito wa sindano unaotajwa na mtengenezaji. Audio-Technica AT-VM95E ni gramu 2.0, Ortofon 2M Red ni gramu 1.8. Usikisie. Mizani ndogo ya kidijitali ya gramu 0.01 inatosha, kama ile ya sonara. Uzito mdogo mno ni hatari kuliko uliozidi kidogo, kwa sababu sindano hurukaruka na kuchana mfereji.
3. Kizuia mvuto wa ndani, kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati, kiwe sawa na namba ya uzito.
4. Unganisha kwenye tundu la fono la amplifaya, yaani lile la gramafoni. Sauti ikiwa nyembamba, ndogo na bila besi, umechomeka tundu la kawaida. Unahitaji kiongezi cha fono kati yake na amplifaya.
5. Funga waya wa ardhi kutoka mashine hadi amplifaya. Mvumo mzito usiokoma ni dalili kwamba haujafungwa.

Sindano ya bei nafuu ya ncha ya duaradufu hudumu kama saa 300 hadi 500. Andika tarehe uliyoifunga. Kila miezi mitatu chomoa plagi za sauti, ufute kutu ya kijani kwa kijiti cha pamba chenye spiriti. Hewa ya bahari hula shaba kimyakimya, na upande mmoja wa spika ukififia watu huanza kumlaumu mhandisi wa studio.

Ili kutofautisha kosa la santuri na kusudi la mwanamuziki, tumia saa. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8. Mlio wa kugonga unaorudi kila sekunde 1.8 ni mkwaruzo, hata uwe mtamu namna gani. Mparuzo unaozidi kadiri sindano inavyokaribia katikati, na unaosikika hata kwenye dramu na besi, ni mfereji uliochakaa au sindano iliyokaa kombo. Lakini mlio unaopasuka kwenye saksafoni peke yake huku dramu za nyuma zikiwa safi, huyo ni Ayler mwenyewe. Ukibaki na shaka, sikiliza dakika ileile kwenye nakala ya kidijitali.

Kuosha, na ukungu wa pwani

Santuri iliyokaa Mombasa miaka mingi karibu kila mara ina ukungu, madoa meupe kama unga yanayofuata mifereji. Ukiicheza ikiwa hivyo unausaga ukungu ndani. Ioshe kwanza.

Chukua mililita 750 za maji yaliyosafishwa kwa mvuke, mililita 250 za alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, na matone 3 ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala manukato. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa, lakini soma chupa mara mbili: karibu yake huuzwa asidi ya betri. Maji ya kisima usiyatumie hata kidogo. Visima vingi vya kisiwani na Kisauni vina chumvi, na chumvi ikikauka mfereji unakuwa kama msasa.

Funika karatasi ya katikati kwa kifuniko cha plastiki cha bakuli chenye upana wa sentimita 10 hivi. Nyunyiza, subiri dakika moja, sugua kwa brashi laini kufuata mfereji, mizunguko kumi kwenda na kumi kurudi. Suuza kwa maji yaliyosafishwa peke yake, kwa sababu sabuni iliyobaki hunasa vumbi upya. Pangusa kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kisha isimamishe wima kwenye kichanja cha sahani kivulini kwa nusu saa. Feni ya darini izimwe wakati huo, la sivyo inarudisha vumbi lote. Usiirudishe kwenye karatasi yake ya zamani. Mbegu za ukungu ziko humo.

Tahadhari moja isiyo na msamaha: ukipata sahani nzito za mizunguko 78, kama zile za taarab za zamani, usizitie alkoholi. Zimetengenezwa kwa sheleki, na alkoholi huiyeyusha. Hizo zioshe kwa maji yaliyosafishwa na tone moja la sabuni tu, na zikaushwe upesi.

Kabati

Santuri 100 na majalada yake hufika kilo 25 hadi 30. Rafu iwe na kina cha sentimita 33 na kimo cha 35, ya mbao ngumu kama mvule. Mbao za unga wa maranda huvimba kwa unyevu wa hapa na kupinda, na santuri hupinda nazo. Weka kizuizi kila sentimita 40 ili zisiegemeane. Rafu ya chini ipande sentimita 15 kutoka sakafuni, na nyuma ya kabati pabaki sentimita 10 mpaka ukutani. Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa polepole.

Karatasi za ndani ziwe za polithini. Mifuko laini ya PVC hutoa kemikali kwenye joto na kuacha utando wa maziwa juu ya santuri, usiotoka hata kwa kuosha. Weka vifuko vya kukaushia unyevu na uvibadilishe vikijaa, kaa macho na mende, ambao hupenda gundi ya majalada, na kila mwezi toa santuri chache kila rafu uzipeperushe. Msimu wa masika fanya hivyo kila wiki.

Kikao cha kusikiliza

Watu sita hadi wanane wanatosha. Baada ya Isha ni wakati mzuri: joto limepungua, barabara imetulia, na hakuna anayekimbilia swala. Chumba cha kuta tupu za mawe kinarudisha mwangwi na kuchanganya dramu zote. Tandika mkeka au zulia, na tundika leso nzito au mapazia mawili ukuta unaozikabili spika. Kahawa na haluwa zikae meza nyingine, mbali na mashine. Mafuta ya haluwa kwenye vidole hayatoki kwenye mfereji kwa urahisi.

Chezeni upande mmoja, dakika kama 20, bila mtu kusema. Kisha kila mmoja anasema jambo moja alilolisikia, si alilolipenda. Mkubwa wa umri aanze, na kijana akitaka kumpinga amwambie "samahani mzee, turudi dakika ya saba", sindano irudishwe, wote wasikie. Kanuni ya kikao ni moja: kila dai liwe na dakika yake na chombo chake. Anayesema "haya ni makelele" aonyeshe wapi yanaanza. Ajabu ni kwamba akitafuta mahali hapo kwa bidii, kwa kawaida huanza kusikia mambo mengine.

Kwa Free Jazz gawaneni. Nusu ya watu wakae karibu na spika ya kushoto wamfuate Coleman, Cherry, Scott LaFaro na Higgins. Nusu ya kulia wawafuate Freddie Hubbard, Dolphy akiwa na klarineti ya besi, Haden na Ed Blackwell. Kazi ina kama dakika 37, na kila anayepewa zamu ya mbele hutanguliwa na kifungu kifupi cha pamoja. Mwanzoni msibishane juu ya uzuri. Andikeni tu zamu zinavyofuatana. Mkishakubaliana nani alifuata nani, lile swali la kama ni fujo au la huwa na majibu bora zaidi.

Ubishi wa chapa ya kwanza dhidi ya chapa mpya umalizeni kwa jaribio, kwa sababu maneno hayatoshi. Sawazisheni sauti za santuri mbili kwa kipimo cha sauti cha simu mpaka tofauti isizidi desibeli 1, maana yenye sauti kubwa kidogo huonekana bora siku zote. Mtu mmoja acheze nyuma ya pazia, mara 10, akichagua kwa kurusha sarafu. Anayedai anajua tofauti aandike. Kupata 9 au zaidi kwa kubahatisha hutokea kama mara 1 kati ya 93. Akifika hapo, mheshimuni. Akipata 6, chapa mpya ikae rafuni kwa amani.

Mjadala mmoja ni wetu hasa: Kiswahili ndani ya jazi. Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960, inafungua kwa shairi la Langston Hughes likisomwa pia kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Afrika Kusini ya ubaguzi iliipiga marufuku mwaka 1964. Muongo mmoja baadaye mwanamuziki James Mtume alikuwa na kikundi alichokiita Umoja, na Hancock na wenzake wakawa wanaitana Jabali na Mganga. Je, lugha ilikuwa pambo, au ilibadilisha namna ya kupiga? Hapa wana Mombasa wana uwezo ambao wakusanyaji wa New York na Tokyo hawana: wanasikia matamshi, wanajua uzito wa maneno, wanaona pale Mwile ilipopotoka. Lakini kusahihisha neno si hoja ya muziki. Anayedai Kiswahili kiliingia kwenye mdundo na aonyeshe dakika, na anayekataa naye aonyeshe yake.

Mteueni katibu wa usiku, mwenye daftari lenye tarehe, jina la santuri, namba ya ukanda mtupu, sindano iliyotumika na saa zake, na hoja mbili zilizobaki bila kuisha. Kikao kijacho kianze kwa upande uleule, kabla santuri mpya haijatolewa mfukoni.